Kabla gitaa la babu halijapigwa msasa

Gitaa la zamani likiteremshwa kutoka darini, iwe Musoma mjini, Bunda au Butiama, safari yake ya kwanza huwa ni kwa fundi seremala. Mwenye gitaa anataka lirudi liking'aa. Fundi naye, kwa nia njema kabisa, anachukua msasa na kukwangua rangi iliyopauka, anapiga vanishi mara mbili tatu, anang'oa vikaza nyuzi vilivyoshika kutu na kufunga vipya vilivyoagizwa Mwanza. Jioni gitaa linametameta, mwenyewe anafurahi, fundi analipwa. Kama gitaa lile lilikuwa mojawapo ya yale yanayotafutwa duniani, basi kazi ya siku ile imekula nusu ya thamani yake, na hakuna fundi, wa hapa wala wa ng'ambo, awezaye kuirudisha.

Nusu hiyo haikutiwa chumvi. Wafanyabiashara wa magitaa ya kale wa Marekani na Ulaya wametumia kipimo hicho kwa miaka mingi: gitaa lililopakwa rangi upya huuzwa kwa karibu nusu ya bei ya gitaa la aina ileile lililobaki na rangi ya kiwandani, hata kama rangi hiyo imechubuka na kupasukapasuka. Ambalo lingepata dola 20,000 linaishia dola 10,000 hivi. Kichwa kilichowahi kuvunjika, hata kikiunganishwa na fundi hodari, hushusha bei kwa theluthi moja, pengine zaidi. Vikaza nyuzi vikibadilishwa kwa kutumia matundu yaleyale ya skrubu, mnunuzi anapunguza kidogo tu. Fundi akitoboa matundu mapya, anapunguza sana, maana tundu la mbao linazibika lakini halifutiki. Freti, yaani vile vyuma vyembamba vilivyopangwa shingoni, hazina kesi. Huliwa na vidole na nyuzi kama tairi zinavyoliwa na barabara, na kila anayenunua gitaa la kupigwa anajua kuwa siku moja zitabadilishwa. Hata kuifungua shingo ya gitaa kavu na kuirudisha katika pembe yake, kazi kubwa inayohitaji mkono uliokomaa, huchukuliwa kuwa ni matunzo ya kawaida ikifanywa vizuri.

Kwa nini rangi ihesabiwe kuliko freti, wakati freti ndizo zinazogusa muziki? Kwa sababu mnunuzi wa gitaa la kale ananunua ushahidi. Anataka kuona kazi ya mikono ya watu wa mwaka fulani, katika kiwanda fulani, kwa mbao na rangi zilizokuwapo wakati huo. Gitaa la Les Paul lililotengenezwa na Gibson kati ya mwaka 1958 na 1960, lenye rangi ya machweo, leo huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Gitaa jipya la muundo huohuo laweza kutoa sauti nzuri vilevile, lakini halikuwapo mwaka 1959. Rangi ya juu ndiyo sehemu ya kwanza ya ushahidi huo, na msasa ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kuuteketeza.

Msomaji wa Musoma ana haki ya kuuliza: mambo ya Nashville na London yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu kuliko tunavyodhani. Wamisionari wa Kimennonite walifika Shirati mwaka 1934, wakaenea hadi Bukiroba, jirani na Musoma. Walitoka jimbo la Pennsylvania nchini Marekani. Jimbo hilohilo, katika mji wa Nazareth, ndiko kiliko kiwanda cha C. F. Martin, kampuni iliyoanzishwa New York mwaka 1833 na inayoheshimiwa kuliko nyingi duniani kwa magitaa makavu, yaani yasiyo ya umeme. Baadaye mapadre na masista wa Maryknoll, nao Wamarekani, wakajenga kazi yao Musoma, na pale Makoko ikawapo shule ya lugha ambako wageni walikuja kujifunza Kiswahili. Sidai kwamba kila mmoja wao alibeba gitaa. Nasema tu kwamba vijana wa Kimarekani wa miaka ya 1960 walisafiri na magitaa, na wengi walipoondoka waliacha mizigo yao kwa wanakwaya, kwa makatekista na kwa marafiki. Mwenye gitaa lililopita njia hiyo achungulie ndani ya tundu la sauti akiwa na tochi. Martin wamekuwa wakiyapa magitaa yao namba za mfululizo tangu mwaka 1898, na namba hiyo hupigwa muhuri kwenye kipande cha mbao kinachoshikilia shingo kwa ndani. Akiikuta, ataweza kujua mwaka gitaa lilipotengenezwa bila kumlipa mtu senti moja.

Mengi tuliyonayo, hata hivyo, hayakutoka Pennsylvania. Yalitoka viwanda vya bei nafuu, na mojawapo ya majina yaliyoenea Afrika katika miaka ya 1950 ni Gallotone, magitaa ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, yaliyotengenezwa Durban. Yalikuwa magitaa ya mtu wa kawaida, ya mbao za tabaka. Lakini mwaka 1999 jijini London gitaa moja la aina hiyo liliuzwa mnadani Sotheby's kwa zaidi ya pauni 150,000. Lilikuwa la John Lennon, alilopiga akiwa kijana wa Liverpool mwaka 1957, kabla dunia haijasikia habari za Beatles. Mbao zake hazikuwa na thamani hiyo. Thamani ilikuwa katika kujulikana kwake: nani alilishika, lini, wapi, na uthibitisho uko wapi.

Hapo ndipo hesabu ya vipuri inapogeuka, na ndipo penye jambo ninalotaka wenye magitaa wa Mara walielewe. Mwaka 1970 mpiga gitaa Mwingereza Eric Clapton alinunua magitaa sita ya umeme ya Fender Stratocaster katika duka moja la Nashville. Matatu aliwagawia wanamuziki wenzake, George Harrison, Pete Townshend na Steve Winwood. Matatu yaliyobaki aliyafungua, akachagua sehemu bora za kila moja, akaunganisha gitaa moja jeusi. Kwa kipimo cha mkusanyaji gitaa hilo ni gitaa la viraka, kwa kuwa shingo na mwili wake havikutoka kiwandani pamoja. Mwaka 2004 liliuzwa New York kwa dola 959,500. Gitaa jeusi la David Gilmour wa Pink Floyd lilibadilishwa zaidi ya hapo: shingo zilipishana, sumaku za kunasa sauti zikabadilishwa, mwili ukachimbwa na kuzibwa. Mwaka 2019 liliuzwa kwa dola 3,975,000. Yote mawili yanajulikana kila kipuri kilitoka wapi, kiliingia lini na kwa sababu gani. Matengenezo yenye kumbukumbu yamekuwa sehemu ya historia ya gitaa. Yasiyo na kumbukumbu yangebaki kuwa dosari tu.

Sisi watu wa ukanda wa ziwa tulilijua jambo hili kabla ya minada. Nyatiti ya Wajaluo wa Rorya ina nyuzi nane na ngozi ya ng'ombe iliyowambwa juu ya bakuli la mbao. Litungu la Wakurya wa Tarime na Serengeti nalo lina nyuzi nane, na mwili mkubwa uliofunikwa ngozi. Ngozi hupasuka, ikawambwa nyingine. Nyuzi zilizokuwa za kano za ng'ombe leo ni za nailoni, uzi uleule ambao wavuvi wanashonea nyavu. Hakuna mzee mpigaji atakayekuambia kwamba nyatiti yake imepungua heshima kwa kuwa ngozi yake ni ya mwaka jana. Atakueleza nani aliichonga, nani alimwachia, na ni katika misiba ya nani iliimbiwa. Ala imebaki kuwa ile kwa sababu wanaoijua wapo na wanasema.

Nyatiti hiyohiyo ndiyo iliyoingia kwenye gitaa la umeme na kuzaa muziki wa benga, na mmoja wa waliolitangaza benga kuliko wengine wote ni mtu wa mkoa huu. Daniel Owino Misiani alizaliwa mwaka 1940 karibu na Shirati, akajenga jina lake Kenya na bendi iliyobeba jina la kwao, Shirati Jazz, akafariki katika ajali ya gari Kisumu mwaka 2006. Kama kuna gitaa la mpigaji wa rika lake limeegemea ukuta mahali fulani kati ya Rorya na Musoma, huenda limefungwa kwa waya, limezibwa kwa gundi, kikaza kimoja ni cha gitaa jingine. Kwa duka la Nashville hilo ni mzigo wa vipuri. Kwa historia ya muziki wa Mara ni nyaraka, na sitamwelewa mtu atakayelipiga msasa ili lipendeze kwenye picha ya harusi.

Nasema hivi nikijua kwamba kuthibitisha gitaa fulani lilikuwa la nani ni kazi ngumu zaidi kwetu kuliko Ulaya. Bendi zetu nyingi hazikuwa za wanamuziki. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Polisi, Jeshi la Kujenga Taifa, Umoja wa Vijana, viwanda na mashirika ya umma vilikuwa na bendi zao, na penye bendi ya mtu binafsi kulikuwa na mfanyabiashara mwenye vyombo. Mpigaji akihama aliliacha gitaa, akashika mwingine. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 fedha za kigeni zikawa adimu, na vipuri navyo vikaadimika. Fundi alichukua kikaza hapa akapeleka pale, na palipokosekana waya za gitaa, waya wa breki ya baiskeli ulisaidia. Gitaa lililotoka katika miaka ile likiwa na sehemu zake zote za kiwandani ama halikupigwa, ama lilikaa kabatini mwa tajiri.

Kwa hiyo alama za mwilini mwa gitaa ni muhimu maradufu. Wataalamu wa minada huliweka gitaa kando ya picha ya zamani na kulinganisha mikwaruzo, michubuko na mistari ya mbao, ili kujua kama lile la jukwaani ndilo hili lililoko mezani. Sisi tuna picha: kwenye majalada ya sahani za santuri, kwenye albamu za familia, kwenye ofisi za magazeti. Tukisafisha mikwaruzo tunafuta njia pekee ya kuunganisha gitaa na picha yake. Halafu kuna jambo la kushangaza: tangu miaka ya 1990 kampuni ya Fender yenyewe inauza magitaa mapya yaliyochubuliwa kwa makusudi yaonekane yamezeeka, na bei yake ni kubwa kuliko ya yale yanayong'aa. Watu wananunua mikwaruzo ya kuigiza huku sisi tunaikwangua ya kweli.

Magitaa ya umeme yana ushahidi mwingine ambao hauonekani, na unapotelea kwa fundi redio. Voliumu ikianza kukwaruza, fundi hufungua kifuniko, hukata waya, hung'oa kile kifaa cha kuongeza na kupunguza sauti, hufunga kipya kutoka kwenye redio mbovu na kukitupa cha zamani. Kumbe kile cha zamani kina namba mgongoni. Kwenye magitaa mengi ya Kimarekani tarakimu za mwanzo hutaja kiwanda, zinazofuata mwaka na wiki. Namba 1376234, kwa mfano, inasema kifaa kilitengenezwa na kampuni ya CTS katika wiki ya 34 ya mwaka 1962. Hicho ndicho cheti cha kuzaliwa cha gitaa lile. Mara nyingi hakihitaji hata kubadilishwa. Dawa ya kusafishia vifaa vya umeme na kukizungusha mara kadhaa kunatosha. Na hata lehemu yenyewe, kama haijawahi kuguswa, mnunuzi huitazama kwa kioo cha kukuzia, kwa sababu inamwambia kwamba sumaku zilizo chini ya nyuzi ni zilezile zilizofungwa kiwandani.

Nikija kwenye magitaa ya kwaya, ambayo ndiyo mengi, adui wake mkubwa ni nyuzi zenyewe. Gitaa lililoundwa kwa nyuzi za nailoni linavutwa kwa uzito wa kama kilo 40. Nyuzi za chuma za kawaida huvuta kilo 70 hivi, na hata zile nyembamba huvuta zaidi ya zile za nailoni. Dukani nyuzi za chuma ndizo zinazopatikana upesi, basi zinafungwa, na baada ya miezi kadhaa daraja linalozishika nyuzi linanyanyuka, kisha linang'oka likiwa limeondoka na kipande cha ubao wa mbele. Hapo huja bolti na nati, na matundu yanayopita hadi ndani. Gitaa linalia tena Jumapili, lakini ubao wa mbele, ambao ndio kifua cha sauti yake, umetobolewa milele. Nyuzi za nailoni zingeokoa kila kitu. Na gitaa linaposafiri kwenye keria ya basi kutoka Bunda kwenda Kisorya bila kasha, kichwa ndicho cha kwanza kupata dhara. Vichwa vya magitaa ya Gibson vililazwa nyuma kwa digrii 17 kwa miaka mingi, na pigo dogo la kuangukia mgongo linatosha kuvivunja.

Seremala wetu ana kishawishi kingine kizuri mno: mpingo. Ni mti wetu, mgumu, mweusi, na viwanda vya klarineti duniani vinautegemea. Ubao wa vidole uliotengenezwa kwa mpingo unapendeza na unadumu. Lakini ukiuweka kwenye gitaa la mwaka 1960 badala ya ubao wake wa asili umeliboresha kwa mpigaji na kulishusha kwa mkusanyaji. Ubao uliotoka usitupwe. Huenda una mambo ya kisheria pia: magitaa mengi ya Martin ya kabla ya mwaka 1969 yalitumia mbao za rozudi ya Brazili, na mti huo tangu mwaka 1992 umo katika orodha kali kuliko zote ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe na mimea iliyo hatarini. Mwenye gitaa la namna hiyo hawezi kulituma kwa mnunuzi wa nje bila kibali, awe analiuza zima au vipande.

Butiama tuna mahali panapoonyesha namna nyingine ya kushika vitu vya kale. Makumbusho ya Mwalimu Nyerere yalifunguliwa mwaka 1999, miezi michache kabla ya Mwalimu kufariki. Kanuni ya makumbusho popote duniani ni kuzuia uharibifu usiendelee, wala si kukifanya kitu kiwe kipya: vumbi linaondolewa, wadudu wanazuiwa, mwanga mkali unapunguzwa, na kila kinachofanywa kinaandikwa. Natamani kanuni hiyo itoke makumbusho iingie kwenye karakana zetu. Fundi awe na daftari. Aandike tarehe, jina la mwenye gitaa, alichokikuta, alichokitoa, alichokiweka. Apige picha kwa simu kabla hajafungua skrubu ya kwanza. Vipande vyote alivyovitoa avitie katika mfuko na kumrudishia mteja vikiwa vimefungwa pamoja na gitaa, hata vikiwa na kutu. Kikaza kibovu cha mwaka 1963, kikirudishwa mahali pake siku gitaa linapouzwa, kinaweza kulipia kazi yote ya fundi mara kadhaa.

Kuna na suala la gundi, na hapa mkoa wetu una utajiri usiotumika. Gundi nyeupe ya dukani ikikauka ndani ya mbao haitoki kirahisi, na ile ya vichupa viwili vya kuchanganya haitoki kabisa. Fundi atakayefuata atalazimika kupasua. Mafundi wa fidla na magitaa duniani kote bado wanatumia gundi ya ngozi ya ng'ombe, kwa sababu inashika sana na bado inafunguka kwa joto na mvuke bila kuumiza mbao. Inatokana na mabaki ya ngozi, na Mara ni mkoa wa ng'ombe. Chembe zake huloweshwa katika maji baridi usiku kucha, kisha huwekwa katika kikopo kinachokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kwa joto la nyuzijoto 60 hivi. Isichemke, maana ikichemka inapoteza nguvu. Huipendi harufu yake, utaizoea. Fundi wa Bunda au Musoma atakayetaka kuijaribu aanze na vipande vya mninga visivyo na kazi: avigandishe, avifungue kwa mvuke, avigandishe tena, hadi mkono uzoee, kabla hajagusa gitaa la mtu.